Zamu ya Kukata Ukanda

Pike Hollow, Minnesota
9 Oktoba 1994

Kwa jirani yangu Gudrun Tveit,

Mimi Reino Pelkonen nina miaka themanini na sita, na kabla hujaanza kuucheka mwandiko wangu ujue unaandikiwa na mtu aliyeona vita viwili vikubwa vikianza na vikiisha, aliyefukiwa mgodini mara mbili akatoka mara mbili, aliyezika mke, ndugu watano, mbwa watatu, makasisi wanne wa kanisa letu na mmoja wa kanisa lenu, na mashine sita za kukata nyasi. Ya saba ndiyo hii, na ikileta maringo nayo nitaizika. Shule niliacha darasa la tano nikaenda kusukuma matoroli ya mawe ya chuma. Kwa hiyo ualimu wako uache huko huko, usinisahihishie.

Naandika kwa sababu simu siiwezi. Binti yako Marit alipiga, kile kidude cha sikioni kikapiga filimbi, nikasema ndiyo, ndiyo, kwa heshima tu. Mpaka leo sijui nilikubali nini.

Nyonga yaendeleaje huko kwa Marit? Umri wako themanini na moja, bado kitoto, mfupa utashika.

Nyumba yako ipo. Nyasi zako nimezikata jana, mkato wa mwisho wa mwaka, fupi, vidole viwili, kama inavyotakiwa kabla ya theluji. Wale wajinga wa mtaa wa juu wanaacha zao ndefu ati zipate joto. Nyasi si kondoo! Ndefu zikilaliwa na theluji hushikana kama nywele za mlevi, ukungu unaingia, mwezi wa nne unakuta uozo. Nimewaambia miaka arobaini. Mbolea ya mwisho nimeweka, kwangu na kwako. Mti wako umemwaga majani yake yote upande wangu, kama kawaida ya vitu vya Wanorwe. Nimeyakusanya, magunia kumi na manne.

Sasa neno la ukanda. Ule wa kati ya nyumba yako na yangu, hatua mbili upana, toka barabarani mpaka uchochoroni, usiojulikana ni wako au wangu. Sijaugusa. Niliukata mimi Jumamosi tarehe ishirini na nne Septemba. Wewe umeanguka tarehe ishirini na tisa. Basi zamu ni yako. Nimepitisha mashine kulia na kushoto kwake, umebaki umesimama katikati kama shungi la jogoo.

Niukate, au utarudi kabla ya theluji? Mimi haraka sina.

Jirani yako,
Reino Pelkonen


Palo Seco, Arizona
30 Oktoba 1994

Reino, mtani wangu,

Barua yako imefika. Nimehesabu makosa kumi na tisa, halafu nikaacha kuhesabu kwa ajili ya utu. Marit aliingia akanikuta nacheka peke yangu, akanipima joto.

Kwenye simu ulikubali kumwagilia maua yangu ya ndani. Bila shaka yameshakufa, maskini.

Nyonga wameitia chuma. Sasa sote wawili tuna chuma mwilini, mimi mfupani, wewe mapafuni. Huku nyuma ya nyumba ya Marit hakuna nyasi. Ni kokoto. Kokoto za rangi mbili, Reino, na kila Alhamisi anakuja mtu na mashine ya upepo kuzipuliza vumbi. Mtu mmoja wa mtaa huu ana nyasi, lakini zimekauka, na nimeona kwa macho yangu mawili akizipaka rangi ya kijani kwa bomba, kama mtu anayepaka ukuta. Nilimwambia, "Baba, hizo zimekufa." Akaniambia, "Ndiyo, mama, lakini majirani wanaziona nzuri." Nilikukumbuka. Ungempiga.

Ukanda usiuguse. Theluji ikiyeyuka nitakuwa nimerudi, na nitaukata mwenyewe, na nitaukata ukanyooka, si kwa mawimbi kama wewe. Najua utaniambia utaoza. Usiuguse.

Gudrun


Pike Hollow
27 Novemba 1994

Gudrun,

Umesema nisiuguse, sijaugusa. Mimi Mfini neno la mtu naliheshimu hata likiwa la Mnorwe.

Maua yako nimeyakuta matatu hai, mawili marehemu. Nimeyahamishia jikoni kwangu na moja limechanua, jekundu, bila haya. Halijawahi kuchanua kwako, nakumbuka vizuri, ulikuwa ukilalamika. Basi ujue ni mkono wa nani.

Theluji ya kwanza imekuja Ijumaa, inafika kifundoni. Lakini nisikie kuhusu pale mahali pa upara, pale marehemu mumeo Halvor alipokuwa akiegesha mashua yake. Nimepamwagia mbegu tarehe kumi na mbili. Hii kazi si ya kila mtu. Ukimwaga mapema, siku bado zina joto, mbegu inachipua, baridi inakuja inaikata shingo. Ukichelewa, theluji imeshafunika. Lazima uipate ile siku moja ambayo udongo umeshikwa na baridi lakini bado uko wazi, mbegu ianguke na kulala palepale. Wengine wanatazama kalenda. Mimi natoka nje, nanusa. Sasa zimelala huko chini, miezi mitano, hazijui lolote, na mwezi wa nne zitaamka zikidhani ni kesho yake.

Njia yangu ya gari nimeiondolea theluji, na theluji yote nimeirushia kwako, nyasi zako zipate blanketi nene. Usishukuru.

Mama mmoja wa kanisa lenu alikuja kukuulizia, akakatiza juu ya nyasi zako asubuhi zikiwa na sakitu, umande umeganda. Nyayo zake zilitokea nyeusi mpaka mlangoni. Nikamwambia, "Mama, nyasi zenye sakitu hazikanyagwi, zinavunjika kama kioo." Akasema, "Nilikuwa sijui kama nyumba ni tupu." Nikamwambia si tupu, mwenyewe yuko safarini.

Kahawa nakunywa saa tisa alasiri dirishani, kama siku zote. Si kwamba naliangalia dirisha lako. Dirisha lako liko kule, macho yangu yako huku, na katikati hamna kitu. Dwayne Zupancic wa posta anasema mkate wangu wa iliki umeushinda wa marehemu mke wangu Aili. Mwongo, lakini amekula vipande vitatu. Amekuja Jumanne. Leo Jumapili. Sauti yangu nimeijaribu asubuhi, bado ipo.

Reino Pelkonen


Palo Seco
5 Februari 1995

Reino,

Nisamehe kimya. Natembea kwa fremu, toka kitandani mpaka mezani, na nikifika mezani napiga makofi mwenyewe.

Marit ameniuliza jambo tangu Krismasi na bado sijamjibu.

Usijisumbue sana na nyasi zangu mwaka huu. Wewe si kijana, hata kama hujaambiwa.

Hapa jua linaweza kuchemsha yai, na mimi nimevaa sweta, kwa ubishi tu. Niambie theluji imefika wapi kwenye ngazi zangu. Niambie polepole. Usifupishe.

Gudrun


Pike Hollow
23 Aprili 1995

Gudrun,

Ile barua yangu ya Februari, ya kurasa nane, ya theluji, uliipata? Hujajibu. Nilikuwekea kila ngazi na kimo chake. Nilichonga penseli mara mbili.

Theluji imekwisha, imebaki rundo moja jeusi nyuma ya kanisa. Sikutia reki mapema. Wale wa mtaa wa juu wameshaingia na viatu vyao kwenye matope, wamejaza mashimo kama ng'ombe kisimani. Mimi nimengoja mpaka ukikanyaga maji hayapandi. Ndipo reki, nyepesi, kama unamchana mtoto. Panya walichimba vijia vyao chini ya theluji majira yote ya baridi, nimevifukia.

Mbegu za pale pa mashua zimeamka! Nyembamba, rangi ya kijani kama ya tunda bichi. Nimepiga magoti kuziona. Kuinuka ilichukua muda, lakini hilo halikuhusu.

Ukanda? Mzima. Kijani. Usiulize mara mbili.

Mashine yako nimeinoa kisu, nimeibadilisha mafuta, nimevuta kamba mara moja tu ikawaka. Nimeiweka mbele ya mlango wako, uso wake umeelekea ukanda. Imebaki mtu.

Unakuja lini? Niambie siku nioke mkate.

Reino Pelkonen


Pike Hollow
14 Mei 1995

Gudrun,

Kuna mtu amechomeka kibao kwenye nyasi zako. NYUMBA INAUZWA. Amekichomeka wapi? Pale pale pa mashua, juu ya mbegu zangu, zina wiki tatu tangu ziamke.

Nikasema wamekosea nyumba. Nimeking'oa nimekiweka bandani. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano kimerudi kingine. Nimeking'oa. Jana amekuja dalali mwenyewe, kavaa tai, na kibao cha tatu. Tumezungumza hivi:

"Mzee, unang'oa vibao?"

"Nang'oa magugu."

"Mzee, nyumba hii si yako."

"Wala si yako. Mwenyewe yuko Arizona, nyonga inashika, anarudi kukata nyasi."

Akachomeka kibao chake akaondoka. Nacho nimekitoa. Sasa ninavyo vitatu. Nikipata cha nne natengeneza meza.

Gudrun, niandikie neno moja tu kwamba ni makosa yao, nikamwonyeshe. Moja linatosha.

Reino


Palo Seco
23 Mei 1995

Mzee Reino,

Ni mimi Marit. Nakuandikia bila mama kujua, naomba uniwie radhi kwa hilo na kwa haya mengine.

Si makosa. Mama aliamua mwenyewe, Februari. Mguu haukurudi. Ngazi mbili hawezi kupanda, na ile nyumba ina ngazi tisa kabla hujafika chooni. Nilimwambia, "Mama, mwambie Mzee Reino." Akasema, "Nitamwambia mwenyewe, usiniingilie." Tangu hapo ameanza barua mara saba. Nimezikuta kwenye kapu la taka. Zote zinaanza "Reino, mtani wangu," na zote zinaishia hapo.

Barua yako ya theluji anayo. Ameikunja na kuikunjua mpaka imekatika kwenye mikunjo, na ameiunga kwa gundi.

Dalali ameniomba nikuombe vibao vyake. Sina uso wa kukuomba, lakini ndiyo hivyo.

Marit Tveit


Pike Hollow
30 Mei 1995

Marit,

Vibao viko vinne. Nimevipaka mafuta miguuni visipate kutu. Dalali amwambie Dwayne siku ya kuja kuvichukua, nisiwepo.

Mwambie mama yako sina hasira. Mwambie pia ninayo.

R. Pelkonen


Palo Seco
6 Juni 1995

Reino, mtani wangu,

Hii ni ya nane, na nitaimaliza.

Nimefundisha watoto miaka thelathini na nne kwamba ukivunja dirisha unakwenda mwenyewe kusema. Sasa tazama mwalimu. Nimelivunja dirisha nikajificha nyuma ya binti yangu. Nisamehe.

Sikuweza kukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu nauona ukanda. Hatujawahi kusemezana jambo hili, na mdomoni nisingelisema, ila karatasini. Aili alipokufa, na Halvor mwaka uliofuata, ni wewe uliyeanza kuamka mapema Jumamosi ili uukate kabla yangu. Nikakasirika. Jumamosi iliyofuata nikakuwahi. Watu walidhani tunagombea mpaka. Nami nilidhani hivyo, mwaka wa kwanza. Halafu siku moja ya Jumamosi nikafungua pazia nikaona umekatwa, kwa mawimbi, nikajisikia nikisema kwa sauti, "Haya. Mfini hajafa." Nikaweka kahawa jikoni nikiimba.

Miaka kumi na moja nimejulishwa hivyo kwamba upo. Na wewe hivyo hivyo, nadhani.

Sirudi, Reino. Ukate. Zamu yangu nakupa wewe.

Gudrun


Pike Hollow
15 Juni 1995

Gudrun,

Zamu haitolewi zawadi. Ingekuwa inatolewa ningekwisha kumpa Dwayne.

Jana amekuja Lorna Bisek wa halmashauri ya mji, na rula. Unamkumbuka Lorna, ulimfundisha darasa la tatu, ndiye aliyekula chaki. Sheria ya mji inasema nyasi zisipite inchi nane. Akapima ukanda. Kumi na mbili.

"Mzee Reino," akasema, "wewe? Wewe uliyemshtaki kasisi kwa inchi tisa?"

"Kasisi alikuwa mvivu. Mimi nangoja."

"Unangoja nini?"

"Zamu si yangu."

Akakaa kwenye ngazi yangu. Nikamletea kahawa. Akasema nisipokata watakuja wao na lile trekta lao la kando ya barabara, litachuna mpaka udongo. Nikamwambia, "Lileteni. Nitalala mbele yake, nimelala chini ya mlima mzima hapo zamani, trekta ni nini?" Akasema, "Basi angalau niandike kwamba wewe ni mzee na umechanganyikiwa." Nikamwambia andika mzee tu. Amenipa mwezi. Tarehe kumi na tano Julai.

Sasa nikwambie jambo, maana umeniambia lako. Nilikudanganya mwezi wa nne. Ukanda haukuwa kijani. Theluji ilipotoka ulikuwa wa kijivu, umelala, umeshikana kama karatasi iliyorowa, una madoa ya ukungu mapana kama sahani, toka barabarani mpaka uchochoroni. Na kwako pia, kila mahali niliporundika lile blanketi langu la theluji. Dwayne aliona akavua kofia. Mimi, Gudrun! Mimi niliyewakoromea watu miaka arobaini, usiache nyasi ndefu, usirundike theluji! Kwako zilijiamkia zenyewe. Ukanda haukuamka. Nilipiga magoti siku tatu, nikachambua kwa vidole, jani na jani, kama mtu anayechambua mchele. Ukapumua mwezi wa tano.

Nilijua toka Oktoba utaoza. Nisiseme kwamba ni kwa sababu ulinikataza. Ulinikataza Oktoba thelathini, theluji ilikuja Novemba, mashine ilikuwa na mafuta. Nisingekusikiliza kwa lolote jingine. Ni kwamba ningeukata, wewe ungekuwa umeshaondoka.

Ndiyo hivyo. Sikati.

Reino


Palo Seco
21 Juni 1995

Reino,

Mkaidi wewe, mwana wa wakaidi. Makosa ishirini na mawili, na sikusahihisha hata moja.

Nitumie kipande cha ukanda. Ukubwa wa bati la kuokea mkate. Kitoe katikati kabisa, si upande wako wala wangu. Na mizizi yake na udongo wake. Usiulize, na usilete hotuba kwamba nyasi za kwetu haziwezi joto la huku. Najua. Nyumba ya Marit ndani ni baridi ya mashine, kama ghala la chini ya ardhi, wanailipia.

Fanya haraka.

Gudrun


Pike Hollow
26 Juni 1995
(ndani ya boksi)

Gudrun,

Hiki hapa. Nimekikata alfajiri kikiwa na umande, kwa sepetu niliyoinoa, pembe nne mraba, hata fundi seremala hawezi. Nimekifunga kwa magazeti yaliyorowa na mfuko juu, una matundu. Dwayne ameapa atakibeba kwa mikono yake mpaka kwenye lori kubwa la posta.

Yumo na nyungunyungu mmoja. Sikumwalika.

Maji asubuhi, usikipe jioni. Dirisha lisilopigwa na jua la mchana. Kikifika kimekuwa cha manjano usilie, ndivyo kinavyofanya kikihama. Na kitu kimoja cha mwisho, hiki usikivunje hata ukiwa mwalimu: nyasi iliyorefuka haikatwi yote mara moja. Theluthi tu. Ukichukua zaidi ya theluthi inashtuka, mzizi unakufa. Unakata theluthi, unangoja ipate nafuu, ndipo unarudia.

Shimo lililobaki hapa sijalifukia.

Reino


Palo Seco
8 Julai 1995

Reino, mtani wangu,

Kipande kilifika siku ya tano, cha manjano kama ulivyosema, na sikulia, ila kidogo. Marit amekiweka kwenye bati lake kubwa, dirisha la jikoni la kaskazini. Siku ya tatu kikaanza kusimama. Nyungunyungu mzima. Tumemwita Pelkonen, maana haambiliki.

Kinanukia, Reino. Nimekalisha kiti changu hapo.

Leo ni Jumamosi. Saa moja asubuhi, kabla Marit hajaamka, nimekuja kwa fremu mpaka dirishani, nimesimama kwa miguu yangu, mkono mmoja kwenye fremu na mmoja na mkasi wa kushonea. Nimepima kwa rula inchi kumi na mbili, nikakata nne. Theluthi. Nimeukata ukanyooka. Marit aliingia akasema, "Mama, unafanya nini?" Nikamwambia, "Kazi niliyoiacha Septemba."

Nilichokata kimo humu kwenye bahasha. Kinuse upesi kabla hakijawa nyasi kavu tu.

Hiyo ndiyo zamu yangu. Sasa ni yako.

Gudrun


Pike Hollow
15 Julai 1995

Gudrun,

Barua imefika Alhamisi. Nilifungua bahasha mezani, zikamwagika. Bado mbichi mbili tatu. Nikazinusa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Leo Jumamosi nimeamka kabla ya jua. Mashine haikati kwa kimo cha inchi nane, iko chini mno, kwa hiyo nimeteremsha lile fyekeo la baba yangu lililokuja naye toka ng'ambo. Miaka thelathini halijatoka ukutani. Nimelinoa. Vijana wa siku hizi wanadhani fyekeo ni nguvu. Ni kiuno. Cha kwangu kimelia mara tatu halafu kikakumbuka. Nimeanza barabarani, hatua, kata, hatua, kata, theluthi tu ya zile inchi kumi na mbili, maana mvua haba hazijarefuka, naacha nyingine zimesimama. Kulikuwa na umande. Nimepumzika mara nne, andika mbili.

Nyumba yako ina watu toka wiki jana, mtu na mkewe, wanaitwa Dufault. Mke, Teresa, alitoka na kikombe cha kahawa akasimama pembeni. Hakukanyaga, nimeona hilo.

"Mzee," akasema, "kwa nini hukati yote ukamaliza?"

"Haikatwi yote mara moja. Inakufa."

"Na itakayobaki?"

"Ni ya Mnorwe. Zamu yake Jumamosi ijayo."

Akatazama nyumba, akatazama ukanda. Dalali alikuwa amemwambia habari zangu, bila shaka na chumvi. Akasema, "Na mimi zamu yangu lini?"

Nikamwambia, "Foleni ipo, mama. Mbele yako kuna mtu."

Hakukasirika. Amesema atanunua reki. Nimemwambia asinunue, atachagua vibaya, nitamwonyesha.

Lorna alifika saa nne na rula yake. Akapima mwanzo, akapima kati, akapima mwisho. Inchi nane. Kila mahali nane. Akasema, "Mzee, hata nusu inchi chini ya sheria hukwenda." Nikamwambia sheria imesema nane, mimi nimeacha nane, na nyasi imesema theluthi, nimetoa theluthi, kama kuna mtu mwingine mji huu anayeweza kuziridhisha zote mbili kwa fyekeo amlete.

Lile shimo la katikati bado liko wazi, ukubwa wa bati. Nimelipita kwa uangalifu. Agosti mwishoni, baridi ikianza kushuka, ndio wakati wa kupanda mbegu, na wala sitapanda. Liache. Najua kilichotoka hapo kiko wapi.

Kimo cha kipande chako sasa kimefika ngapi? Kata Jumamosi, usiende Ijumaa kwa ujanja. Theluthi. Halafu unitumie vipande.

Mimi najua utasema nimekata kwa mawimbi. Safari hii nilifunga kamba toka barabarani mpaka uchochoroni na nikaifuata. Ukibisha, muulize Dwayne Zupancic wa posta, alisimamisha gari akanishikia mwisho wa kamba. Muulize Lorna Bisek, aliyepima mara tatu na kuandika kwenye kitabu cha mji. Na kama hao ni watu wangu na huwaamini, muulize Teresa Dufault. Hanijui wala hakujui wewe. Kabla ya kutoka nje alikuwa ameshanitazama muda mrefu toka dirisha la jikoni kwako, taa imewashwa.

Reino Pelkonen